Kuweka Lori Kwenye Kampuni ya Mwenzako: Asilimia Ngapi Ni Haki?

Mwenye Fuso moja anayeishi Kimamba, Kilosa, haendi mbali kutafuta cha kubeba. Mashamba ya mkonge yanauzunguka mji, mahindi na mpunga wa tambarare za Mkata huanza kutoka shambani masika yakiisha, na ukipita Mikumi kuelekea Kidatu unakuta kiwanda cha sukari cha Ruembe, ambacho msimu wa kusaga miwa ukianza hakilali. Shida yake iko kwingine. Mzigo wa uhakika, ule wa kila wiki wenye mteja anayeeleweka, tayari una mkataba, na mkataba ule umeandikwa jina la kampuni fulani ya Morogoro au Dar es Salaam. Mteja mkubwa hapendi kuandikiana na mtu mwenye gari moja. Anataka ankara, risiti ya EFD, bima ya mizigo, na gari jingine la kuja kuhamishia magunia pale la kwanza litakapovunja ekseli Mikese.

Ndipo mwenye kampuni anapokuja na maneno yake: leta gari lako uliweke kwangu, kazi utapata, mimi nitakata kidogo. Hicho kidogo ni shilingi ngapi, kinakatwa wapi, na ni wakati gani ni afadhali ukilipe kuliko kuhangaika mwenyewe na madalali wa Dumila? Msimamo wangu nautaja mapema. Asilimia peke yake haikupi jibu. Kampuni inayokata 15 inaweza kukuachia fedha nyingi kuliko inayokata 8, na hesabu yake iko hapa chini.

Kabla ya hesabu, kuna jambo linalowaponza watu wengi. Leseni ya usafirishaji haikodishwi. LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA, hutoa leseni ya mizigo kwa gari lililotajwa kwa namba yake, na maombi hufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa RRIMS. Kwa hiyo mwenye kampuni akikwambia "leseni ninayo, wewe pakia tu", maana yake magari yake yana leseni. La kwako lisipokuwa nayo litakamatwa hata likiwa na nembo yake mlangoni. Unachokodi kwake ni jina, mkataba wake na mteja, ofisi yenye mhasibu, na mtaji wa kukulipa wewe kabla yeye hajalipwa. Leseni ya gari, namba nyeupe za biashara na bima vinatakiwa kuwepo hata ukibaki peke yako. Usikubali vihesabiwe kuwa fadhila.

Asilimia inakatwa kwenye nini?

Tuchukue safari moja. Tarakimu hizi ni za mfano. Toa hizi, weka zako. Fuso ya tani 10 inapakia magunia 100 ya mahindi Kimamba na kuyashusha Dar es Salaam, zaidi kidogo ya kilomita 300 kupitia Dumila na Morogoro. Nauli tuseme ni 8,000 kwa gunia, yaani shilingi 800,000. Dizeli ya kwenda na kurudi tupu tuseme lita 170 kwa 2,800, ambayo ni 476,000. Posho ya dereva na utingo, maegesho, pancha na vitu vidogo vya njiani, 124,000. Safari imekula 600,000. Zimebaki 200,000, na bado hujanunua tairi, hujalipa bima, hujampa fundi chake, na kama gari ni la mkopo benki nayo inasubiri.

Sasa mwenye kampuni anakata asilimia 15. Anaikata kwenye nauli yote, kwa hiyo anachukua 120,000. Masikioni ni asilimia 15, lakini mfukoni mwako ni asilimia 60, kwa kuwa fedha hiyo imetoka kwenye zile 200,000 zilizobaki. Hata dalali anayekata asilimia 10, yaani 80,000, amekula mbili ya tano ya kilichobaki. Wenye magari wengi hawapigi hesabu hii mpaka siku tairi zinapokwisha na akiba haipo.

Ubaya wa kukata kwenye nauli nzima unaonekana zaidi dizeli inapopanda. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Chukulia mwezi mmoja bei imepanda shilingi 300 kwa lita. Safari ile ile imeongezeka gharama ya 51,000. Kampuni bado inachukua 120,000 yake kamili, na wewe uliyekuwa unabaki na 80,000 sasa unabaki na 29,000. Mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, na hasara yote ya bei imekuangukia wewe mwenye gari.

Ningependa kuona mikataba inayokata baada ya dizeli. Katika mfano wetu, nauli ukiondoa dizeli ni 324,000. Kampuni ikikata robo yake inapata 81,000. Dizeli ikipanda zile 300, kinachogawanywa kinashuka hadi 273,000 na kampuni inapata 68,250. Wote wawili wameumia kidogo, na mwenye kampuni sasa ana sababu ya kurudi kwa mteja kudai nauli iongezwe. Nimewasikia wenye kampuni wakilipinga wazo hili kwa hoja kwamba madereva watapandisha lita. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake si ngumu: andikeni lita za kila njia ndani ya mkataba, tuseme lita 170 kwa Kimamba na Dar, na bei iwe ile ya EWURA ya mahali gari linapojaza. Dereva akizidisha, ziada ni ya mwenye gari.

Kuna VAT pia. Kampuni iliyosajiliwa inaongeza asilimia 18 kwenye ankara, kwa hiyo nauli ya 800,000 inasomeka 944,000. Zile 144,000 ni za TRA. Asilimia ya kampuni ihesabiwe kwenye 800,000, na wewe ukiiona ankara ya 944,000 usidhani umeibiwa. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo mwenye Fuso moja kwa kawaida yuko nje ya usajili huo. Na pale mteja anapokata kodi ya zuio, cheti chake hutoka kwa jina la kampuni. Kama kampuni inakukata na wewe sehemu ya kodi hiyo, dai hati inayoonyesha umekatwa, uipeleke kwenye hesabu zako za mapato. La sivyo utalipa kodi ile ile kwa mikono miwili.

Mwezi mzima, njia tatu

Safari moja inadanganya, tuangalie mwezi.

Njia ya kwanza, unabaki peke yako na madalali. Unalipwa taslimu mzigo ukishuka, na huo ni utamu wake. Ubaya ni siku za kulala ukisubiri mzigo. Tuseme unapata safari tano, kila moja ikikuachia 120,000 baada ya dalali na gharama, jumla 600,000. Mara mbili unapata mzigo wa kurudi wa 350,000, labda saruji au bidhaa za duka. Ukitoa 35,000 za dalali na 40,000 za dizeli ya ziada na wapakiaji, kila mmoja unakuachia 275,000. Mwezi umekupa 1,150,000.

Njia ya pili ni kampuni inayokata asilimia 8. Inakupa safari sita za uhakika, lakini mkataba unakutaka urudi mara moja na usibebe mzigo wa mtu mwingine. Kila safari inakuachia 136,000, na safari sita ni 816,000. Kampuni hii hukulipa baada ya siku 60, mteja akishalipa. Maana yake unaendesha miezi miwili kwa dizeli ya mfukoni mwako, na gharama za safari sita kwa mwezi ni milioni 3.6. Unahitaji karibu milioni 7.2 za kuanzia. Nani Kimamba ana fedha hizo zimelala?

Njia ya tatu ni kampuni inayokata asilimia 15, lakini ina mtu Dar es Salaam wa kutafuta mzigo wa kurudi na inalipa ndani ya siku 14. Safari sita za kwenda zinakuachia 80,000 kila moja, jumla 480,000. Mara nne unarudi na mzigo wa 350,000. Ukitoa asilimia 15 na zile 40,000, kila mmoja unabakisha 257,500, jumla 1,030,000. Mwezi umekupa 1,510,000.

Inayokata karibu mara mbili ya mwenzake imekulipa karibu mara mbili. Mzigo wa kurudi ndio uliofanya kazi hiyo. Kwa hiyo ukikaa na mwenye kampuni, swali la kwanza liwe hili: katika magari yaliyoko kwako sasa, mwezi uliopita yalirudi na mzigo mara ngapi? Akikataa kukuonyesha kitabu, waulize madereva wake wanaolala Msamvu. Wao wanajua.

Ipo pia kampuni inayotoza ada ya mwezi isiyobadilika, tuseme 400,000. Kwa gari linalofanya kazi kila siku ni nafuu. Lakini masika yakishika, gari likakwama kwenye udongo mweusi wa mashambani na safari zikawa mbili tu kwa mwezi, ada hiyo inakuwa 200,000 kwa safari, yaani kila ulichobakisha. Wanaobeba miwa wanajua vizuri: kiwanda kinaposimama wakati wa mvua kubwa, kazi hakuna. Ada ya mwezi isiyosema chochote juu ya Machi, Aprili na Mei usiisaini.

Mwenye kampuni apange bei vipi?

Upande wa pili nao una hesabu yake, na si haki kumwona kila mwenye kampuni ni mnyonyaji. Chukua kampuni yenye magari kumi ya wageni, safari sita kila moja, yaani safari 60 kwa mwezi. Mhasibu, pango la ofisi, simu, mashine ya EFD na kifaa cha kufuatilia gari, tuseme vinagharimu 1,800,000. Hiyo ni 30,000 kwa safari. Bima ya mizigo tuseme 10,000 kwa safari. Kisha kuna bei ya kungoja: mteja analipa siku ya 60, yeye kakulipa wewe siku ya 14, kwa hiyo siku 46 fedha yake 680,000 iko nje. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kungoja huko kunamgharimu kama 15,400. Jumla ni 55,400, karibu asilimia 7 ya nauli.

Kwa hiyo anayekata 15 na kufanya yote hayo anabakiwa na kama 64,600 kwa safari. Ndani ya fedha hiyo kuna faida yake, na kuna malipo ya hatari anayoibeba mteja akikataa kulipa au mzigo ukipotea. Nadhani kampuni inayotimiza yote hayo inaishi vizuri kwa asilimia 10 hadi 12, na ile ya 15 ina haki ya kuitoza kama mzigo wa kurudi ni wa kweli. Lakini kampuni inayongoja mteja alipe ndipo ikulipe haina gharama ya kungoja. Ikiwa pia bima ya mizigo inakukata wewe kando, basi imebakiwa na ofisi tu, na ofisi ni 30,000, chini ya asilimia 4. Mwenye kampuni mwaminifu huvitenganisha vitu hivi kwenye karatasi: hii ya ofisi, hii ya bima, hii ya kukulipa mapema, hii ya jina langu. Mwenye gari akiona hivyo anaweza kusema, mimi nina uwezo wa kungoja mwezi mmoja, niondolee hiyo.

Wamarekani walishapita katika ugomvi huu na wakauandikia kanuni. Kule mwenye lori moja asiye na kibali chake mwenyewe hulikodisha kwa kampuni yenye kibali, na kampuni ndiyo hubeba bima kwa umma, isiyopungua dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida. Kanuni za shirikisho kuhusu ukodishaji wa malori, zinazojulikana kama Sehemu ya 376, zinataka mkataba wa maandishi, malipo ndani ya siku 15 baada ya dereva kuwasilisha hati za kushusha mzigo, na kila makato yatajwe mapema pamoja na namna yanavyohesabiwa. Kama malipo ni asilimia, mwenye lori ana haki ya kupewa nakala ya ankara aliyotozwa mteja. Waafrika Mashariki wengi wanaoendesha malori Ohio, Minnesota na Texas wanaingia kazini kwa mlango huo. Sisi hatuna kanuni kama hiyo kwa malori ya mizigo, lakini hakuna kinachokuzuia kuviandika vitu hivyo hivyo kwenye mkataba wako wa Kilosa. Nakala ya ankara ndiyo ningeing'ang'ania zaidi. Bila hiyo, unaambiwa mteja amelipa 8,000 kwa gunia kumbe amelipa 9,500, na asilimia unayokatwa inakuwa mapambo.

Kadi, mizani na tembo

Mahali ambapo sitaki mwenye gari alegeze hata kidogo ni kadi ya gari. Wapo wenye kampuni wanaotaka kadi ibadilishwe jina, wakidai mteja anataka magari yote yawe mali ya kampuni. Kadi ikishasoma jina la kampuni, deni la kampuni linaweza kulifuata gari lako. Benki au TRA ikija kukamata mali, itasoma kadi. Haitauliza nani alitoa fedha Kariakoo kununua gari. Mkataba wa kukodisha gari kwa kampuni, ulioshuhudiwa na wakili na kulipiwa ushuru wa stempu, unamtosha mteja wa kawaida. Na msiache stempu: bila ushuru huo kulipwa, mkataba haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi. Mteja akikataa kabisa mkataba huo, tafuta mteja mwingine.

Kwenye bima, ingia mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, uone kama bima ipo, ni kubwa au ndogo, na jina la nani limeandikwa. Kampuni ikikukata fedha ya bima kubwa kila mwezi na mfumo ukaonyesha ndogo, hapo hakuna la kujadili.

Mizani ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mipaka ya kila ekseli. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wote na bado ekseli ya nyuma ikazidi kwa sababu mzigo umepangwa vibaya. Likifika mizani ya Mikumi au Vigwaza, nani analipa? Pendekezo langu ni kwamba anayesimamia upakiaji ndiye alipe. Kama ni karani wa kampuni ghalani, ni kampuni. Kama dereva aliongeza magunia yake njiani, ni mwenye gari. Liandikwe hivyo, pamoja na malipo ya siku gari likilala likisubiri kupunguziwa mzigo.

Na kwa anayekwenda Iringa au Ruembe kupitia barabara kuu, kuna kilomita hamsini hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kugonga mnyama kuna faini inayotajwa kwa dola, na ya twiga au tembo inaweza kumfilisi mwenye gari moja. Mwendo ni wa dereva, na dereva ni wako, kwa hiyo faini hiyo ni yako. Lakini kama kampuni ndiyo iliyomwamuru apite usiku ili awahi foleni ya kushusha, ujumbe huo wa simu usiufute.

Kwa wanaotaka kujitegemea

Wenye magari watano wa Kilosa wakijikusanya wanaweza kusajili kampuni BRELA. Safari zao 30 kwa mwezi, wakimlipa mhasibu wa muda na ofisi ndogo 900,000, zinawagharimu zile zile 30,000 kwa safari. Watakachokosa mwanzoni ni mtaji wa kungoja malipo, na hesabu zilizokaguliwa ambazo wateja wakubwa huzitaka. Zabuni za serikali siku hizi hupitia mfumo wa NeST, na sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake; kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuanzia hapo. TAMSTOA, chama cha wamiliki wa malori madogo na ya kati, nacho ni mahali pa kuuliza waliotangulia.

Kenya wana mfano wa karibu kwa upande wa matatu. Kanuni za mwaka 2014 zinamtaka mwenye gari la abiria awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Ada hulipwa, na malalamiko yapo, lakini ndani ya sacco mwenye gari ni mwanachama: ana kura kwenye mkutano mkuu na anasomewa hesabu. Mwenye Fuso aliyeingia kwenye kampuni ya mtu hana kura yoyote, ana karatasi aliyosaini tu, kwa hiyo karatasi hiyo aisome mpaka kipengele cha mwisho.

Kipengele hicho mara nyingi ni cha kuondoka, nacho kinastahili hesabu kama vingine. Notisi ya siku 30 inatosha kwa pande zote. Dhamana uliyowekesha irudi ndani ya muda uliotajwa. Kule Marekani kanuni inatoa siku 45, na muda huo ni wa haki. Madeni ya dizeli iliyotolewa mapema yakatwe kwa risiti zinazoonekana. Siku gari linapotoka, bima ihamishwe, taarifa za LATRA zirekebishwe, na jina la kampuni lifutwe mlangoni jioni hiyo hiyo, kwa sababu likigonga mtu wiki inayofuata na maandishi bado yapo, polisi watawaita wote wawili.